Asiyesema Anapita

Mapendo alirudishwa kutoka shule ya watoto wadogo siku ya tisa, saa nne za asubuhi, akiwa amevaa sketi ya mtoto mwingine. Sketi yake mwenyewe ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, imeloa, na mwalimu Noella aliushika mfuko huo kwa vidole viwili, mbali kidogo na mwili wake.

Mama yake, Spès, alikuwa ameitwa kwa simu. Alisimama nje ya lango, kitenge kimefungwa vibaya kwa haraka ya kuja.

"Mama Mapendo, minye sina shida na mutoto," Noella alisema. "Hapigi benzake, halii. Unamuweka hapa, anakaa hapa. Lakini leo alinivuta rinda. Anavuta, anavuta, anajipiga ku tumbo. Minye nikazani anacheza. Kiisha nikaona maji chini ya benchi."

"Pole, mwalimu."

"Benzake bakacheka. Sasa weye uniambie. Mutoto wa miaka ine hajui kusema ata 'mama'?"

Nyuma ya Noella, watoto thelathini walikuwa wakiimba majina ya rangi kwa Kifaransa. Mapendo aliwasikiliza huku ameshika kidole cha mama yake.

"Anasikia," Spès alisema.

"Naona anasikia. Ndjo inanishangaza." Noella alipunguza sauti, maana mama mwingine alikuwa amesimama karibu, chungwa mkononi, akilimenya polepole kuliko chungwa linavyohitaji. "Direktrisi, mukubwa wa shule, anasema abaki kwanza nyumbani. Akianza kusema, mumulete, tutamupokea."

"Na ile pesa tulilipa?"

"Ile hairudi, mama. Na sketi, muifue, muilete kesho. Iko ya mutoto wa wenyewe."

Spès alimbeba binti yake mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea, akamfunika na kitenge mpaka magotini ili sketi ya watu isionekane. Njiani watu waliwasalimia. Motari mmoja, dereva wa pikipiki aliyesimama kivulini, aliuliza kama mwanafunzi ameshachoka. Spès alijibu "ndiyo" akapita. Mtaa mzima wa Kasenga, mjini Uvira, ulimjua hivyo, mwanamke wa neno moja. Walisema ana heshima. Mama mkwe wake alikuwa amewaambia majirani kwamba ametoka Kalemie, na kwamba watu wa huko ni wapole.

Hakuwa ametoka Kalemie. Alizaliwa Sange, katika bonde la Ruzizi, kwa wakulima wa mpunga wanaosema Kirundi. Uvira watu wengi wanajua Kirundi, wanavuka nacho kwenda Bujumbura, wananunua nacho sabuni na mafuta, wanarudi. Kukijua si kosa. Kukinyonya ndiko kulikuwa kosa, tangu risasi zilipoanza kusikika barabarani na vijana wenye silaha walipoanza kupima watu kwa midomo yao.

&nbsp;

Mama mkwe wake, Sumaya, alikuwa barazani akichambua ndagala za kuuza, samaki wadogo wakavu ambao mwanawe Hakimu, mume wa Spès, aliwapeleka kwa magunia kwenye masoko ya bondeni. Sumaya alikuwa mwanamke wa Kiislamu, babu zake walifika ziwani na biashara zamani sana, na Kiswahili alikisema kama mtu anayejua kwamba nyumba ni yake.

Aliangalia mfuko, akaangalia sketi. Hakuuliza. Alisubiri mpaka Hakimu aliporudi kula mchana, akamwambia wakati ameshatia mkono kwenye bugali, ili asiweze kuondoka.

"Bamemurudisha."

"Juu ya nini?"

"Juu hasemi. Juu ya nini tena?"

Hakimu alitafuna pole pole. Kwenye msikiti, Ijumaa iliyopita, rafiki yake mmoja alikuwa amemuuliza mbele ya watu: "Hakimu, unauza samaki miaka yote hii, sasa umeamua kuzaa samaki, yenye haisemi?" Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao, na tangu siku hiyo alianza kuswalia nyumbani.

"Atasema tu," alisema.

"Sikia, mwanangu. Kusema ni kama meno. Nani alikufundisha kuota meno? Baba yako alikuwa ku ziwa miezi na miezi, minye nilikuwa ku soko. Hakuna aliyekaa na weye akakuambia hii ni mlango, hii ni sahani. Kiswahili kilitoka chenyewe, juu kiko mu damu. Sasa kama cha huyu hakitoki, kuna kitu inakizuia."

Alimvuta Mapendo kati ya magoti yake, akamfungua mdomo, akainua ulimi kwa kidole chenye chumvi ya ndagala. Mtoto aliacha mdomo wazi. Alikuwa amezoea kushikwa bila kuelezwa.

"Ona. Kamba. Ndjo hii."

Hakimu aliinama akachungulia. Kweli palikuwa na uzi mwembamba wa nyama chini ya ulimi. Kila mtu anao, lakini Hakimu hakuwahi katika maisha yake kuangalia chini ya ulimi wa mtu.

"Mama Emery atakuja jumamosi kuikata," Sumaya alisema. "Alimukata Tambwe wa Sabine, hapa ng'ambo ya ukuta. Leo huyo Tambwe anasema mpaka banamufukuza fasi yote."

Spès alikuwa akisuuza sufuria. Bila kuinua kichwa alisema, "Mama, tumupeleke kwanza ku munganga."

"Munganga atakufanyia nini? Atakuandikia karatasi." Sumaya alimwachia mtoto. "Kaende basi. Lakini jumamosi iko jumamosi."

&nbsp;

Muuguzi wa zahanati aliitwa Generose. Alikuwa mtu mnene, mwenye viatu vya plastiki, na alikuwa amechoka tangu asubuhi. Alitikisa funguo nyuma ya kichwa cha Mapendo, upande huu na upande huu. Mapendo aligeuka kila mara. Kisha Generose akachovya kidole kwenye sukari ya chai yake, akampaka mtoto juu ya mdomo, karibu na pua.

Ulimi wa Mapendo ulitoka, ukapanda, ukaifagia sukari yote.

"Kamba ya wapi hapa?" Generose alisema. "Ulimi wa kufika huku haujafungwa. Nani alikudanganya?"

Spès alimfuta mtoto mdomo. Chumbani mlikuwa na joto la bati. Mapendo aliona kikombe mezani. Alimgusa mama yake, akajigonga kooni mara mbili kwa vidole viwili, akakunja ngumi ndogo. Spès akashusha kiganja polepole, kisha akaelekeza kidole mlangoni. Mtoto alikataa kwa kichwa, akajifuta paji la uso, akaonyesha bati, akajigonga kooni tena. Spès akacheka kidogo bila sauti, akamnyooshea vidole vitatu, na Mapendo akatulia.

Generose alikuwa ameacha kuandika.

"Mumesema nini?"

"Nani?"

"Nyinyi. Weye na yeye."

Spès aliona haya. "Anataka maji. Nimemuambia angoje, tutakunywa nyumbani. Anasema hapa iko joto. Basi nikamuambia tutapita kwa mama wa ile maji ya baridi, nyumba ya tatu."

"Nani alibafundisha kusema na mikono?"

"Hakuna."

"Nani alianza? Weye ao yeye?"

Spès alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Ni yeye. Siku moja alikuwa na kiu akafanya vile, minye nikaelewa. Kesho yake akafanya ingine. Sasa ziko mingi, siwezi kuhesabu."

Generose alimwangalia mtoto kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyoangalia mmea uliopasua saruji.

"Mama, sikiliza. Mutoto anazaliwa na njaa ya kusema. Huyu iko nayo, tena kali. Hamukumupa chakula, akajipikia mwenyewe na kile alipata. Lakini maneno hakuna mutoto anazaliwa nayo. Maneno anapewa. Mu nyumba nani anasemaka naye?"

"Baba yake iko ku njia. Mama mukwe iko na bateja."

"Na weye?"

Spès aliangalia mikono yake.

"Sema naye," Generose alisema. "Kutoka asubui mpaka analala. Unapika, unamuambia unapika. Lugha yoyote."

"Yoyote?"

"Ile yenye ulinyonya. Iyo ndjo inakuwaka mingi mu muntu."

"Iyo haiwezekani."

Generose alikuwa mtu wa Lemera, kule milimani, na alijua bonde lote lililo chini yake. Hakuuliza kwa nini. Alichukua kalamu, akaandika karatasi, kama Sumaya alivyotabiri.

"Basi ujue kitu moja. Kusema kuko na musimu, kama muchele. Musimu ukipita utapanda, lakini hautavuna vizuri. Na usikubali bamukate. Mwezi uliopita nilipokea mumoja wa kukatwa na wembe. Damu ilikataa kusimama. Nilimushika minye na hii mikono mpaka mwisho."

&nbsp;

Spès alimkuta Hakimu ufukweni, mahali pa kuanika ndagala, akigeuza samaki kwa ufagio. Alimweleza yote kwa Kiswahili chake kifupi, na alipokosa neno aliacha nafasi, naye Hakimu akaijaza.

Alipomaliza, Hakimu aliendelea kufagia.

"Juma iliyopita," alisema, "ku bariere, pale banafunga njia, vijana balitushusha bote mu gari. Kila muntu aseme jina na fasi anatoka. Jina haikuwa shida yao. Balitaka kusikia mudomo. Kulikuwa mama moja na katoto ka kama huyu. Mama alisema vizuri, kabisa, ata kunishinda. Kiisha katoto kakamuuliza mama yake kitu mu Kirundi. Kidogo tu. Maneno mbili, tatu."

"Halafu?"

"Halafu sisi bengine tukapanda gari."

Hakimu akageuza fungu lingine la samaki.

"Asiyesema anapita," alisema mwishoni. "Minye nimefikiri hivi, na unisamehe. Siku nyingine ninamuona huyu mutoto ananyamaza, ninasema asante."

"Basi mama yako asimukate. Kama unataka anyamaze, muache anyamaze na ulimi yake muzima."

"Nimuambie mama nini? Sababu gani? Nimuambie mutoto hasemi juu hakuna wa kusema naye? Atauliza, na mama yake iko wapi?" Aliuegemea ufagio. "Nani alianza hii, Mama Mapendo? Ni minye? Ni mama yangu?"

Hakuna aliyemlazimisha Spès. Mapendo alikuwa na wiki tatu tu siku Spès aliporudi kutoka sokoni, kule alikomwona mwanamke akipigwa kwa ndara usoni kwa sababu alimbembeleza mtoto wake kwa Kirundi. Aliketi kitandani, akampa Mapendo ziwa, akamwambia mumewe: huyu hatanyonya lugha yangu. Hakimu alimshika bega. Walidhani wamefanya jambo la akili. Kiswahili kingekuja chenyewe, kiko mu damu ya baba, kiko mu nyumba, kiko nje barabarani, kingemwingia mtoto kama vumbi linavyoingia. Na kwa kuwa Kiswahili cha Spès kilikuwa cha soko, cha bei gani na punguza kidogo, tena kikitoka na harufu ya Sange, nacho alikizuia, asije akamwambukiza. Alimlisha mtoto kimya. Alimwogesha kimya. Alipotaka kumwimbia alimtikisa tu. Hivyo mtoto akakua katika nyumba yenye watu na wateja na redio, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamwambia yeye kitu.

"Ni minye," Spès alisema.

"Sikusema ili nikuumize."

"Ninajua."

"Mama Emery mukono wake ni muzuri. Akikatwa, bataacha kunicheka. Asiposema, basi, tutakuwa tumejaribu."

Akarudi kwenye samaki wake. Spès alikaa hapo mpaka jua likamchoma, kisha akaenda kurudisha sketi ya watu.

&nbsp;

Jumamosi Mama Emery alikuja mapema. Alikuwa mzee mkavu, msafi, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alikunywa chai kwanza. Alitaka maji ya moto, chumvi, na majivu yaliyochekechwa. Wembe ulikuwa mpya, bado katika karatasi yake, na aliwaonyesha wote kuwa ni mpya.

"Nimekata batoto kupita nywele zangu," alisema. "Bengine leo ni badeputé ku bunge. Banasema uongo na ulimi nilibafungulia minye."

Wanawake walicheka. Walikuwa wanne: Sumaya, Sabine wa ng'ambo ya ukuta aliyekuja kusaidia kushika miguu, na mashangazi wawili wa Hakimu. Hakimu alikuwa amekwenda kuangalia gunia mahali fulani. Wanaume huwa na gunia siku kama hizo.

Walimketisha Mapendo juu ya mapaja ya Sumaya. Mtoto hakupinga. Alishika mkanda wa kitenge cha bibi yake, akamtazama mama yake aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mama," Spès alisema. "Munganga alikataa."

"Munganga aliandika karatasi," Sumaya alijibu, bila ubaya. "Ingia ndani kama huwezi kuangalia. Ata minye sikuangaliaka."

Spès hakuingia. Alitafuta maneno. Alikuwa nayo machache, na yote yalikuwa ya kununua na kuuza. Unasemaje kwa maneno ya soko kwamba kosa ni lako? Alisema "tafazali" mara mbili, polepole, na mara ya pili hakuna aliyesikia kwa sababu Mama Emery alikuwa anasoma dua.

Sabine alishika miguu. Shangazi mmoja alishika kichwa. Mama Emery aliukamata ulimi kwa kitambaa kikavu, akauvuta juu. Mapendo hapo ndipo alipoelewa. Mkono wake mmoja ulikuwa huru bado, na kwa mkono huo, macho yamemtoka, alimwambia mama yake kitu. Hakikuwa kiu wala njaa wala joto. Ilikuwa alama ambayo hajawahi kuitumia. Alipeleka kiganja kwa mama yake, akakivuta kifuani kwake, tena, tena, tena.

"Nimumurekure!" Spès alisema. "Ni umwana wanje!"

Hata asiyejua Kirundi angeelewa: mwachieni, ni mwanangu. Ilitoka na sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia, pana, ya mwanamke anayeita kutoka upande mmoja wa shamba la mpunga mpaka upande mwingine. Na ilipoanza kutoka haikusimama. Alisema kwamba mtoto hana kamba, kwamba kamba ni yeye mama yake, kwamba amemfunga mwenyewe kwa mikono yake miaka minne, akatwe yeye. Alisema yote kwa Kirundi, akilia, huku akimnyakua mtoto kutoka mapajani mwa Sumaya.

Ng'ambo ya ukuta, mtu aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, aliacha kutwanga.

Mama Emery aliurudisha wembe katika karatasi yake, kwa uangalifu, akajifuta vidole.

"Sumaya," alisema, "uliniambia ni wa Kalemie."

"Alijifunza kule Bujumbura," Sumaya alisema haraka. "Alikuwa anaenda kununua vitenge."

"Kununua hakufundishi muntu kulia vile," Sabine alisema. Alisimama, akajikung'uta mavumbi magotini. Hakuwa na hasira. Alikuwa na kijana wake mkubwa, aliyesimama barierini na bunduki tangu mwaka jana, na mtaa wote ulijua. "Minye sikusikia kitu," aliongeza, akaenda zake, na ilikuwa wazi kwa wote waliobaki kwamba amesikia.

&nbsp;

Sumaya hakumfukuza. Alimkuta Spès akikunja nguo, akaketi kitandani, akamsaidia kukunja.

"Sabine si mubaya," alisema. "Lakini mudomo wake hauna mulango. Na kijana wake anakulaka pale nyumbani kila jioni."

"Ndiyo, Mama."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini?"

Sumaya alikunja kiblauzi cha Mapendo mara mbili, akakikunjua, akakikunja tena.

Hakimu aliwapandisha gari la Sange, kwao Spès, siku hiyo hiyo, kabla kijana wa Sabine hajarudi kula. Alimfunga mkewe kitambaa kuzunguka shavu, na kwenye bariere alisema kwa niaba ya watu watatu: huyu bibi yangu, meno yanamuua, hawezi kufungua mdomo. Kijana aliyewasimamisha alimwinamia Mapendo, akamuuliza kwa upole jina lake. Mapendo alimtazama tu. "Ni bubu," Hakimu alisema, akamvuta mtoto karibu. Wakapita.

&nbsp;

Kankindi, mama yake Spès, alikuwa mwanamke anayesema na kila kitu. Alisema na kuku, alisema na sufuria isiyochemka, alimsemesha marehemu mumewe akiwa anapalilia. Alipoelezwa habari alipiga kiganja mdomoni, kisha akamchukua Mapendo mgongoni akaanza, na hakunyamaza tena. Huu ni mfereji. Haya ni maji, yanatoka mtoni. Huyu ni Herménégilde mjomba wako, anatembea hivi kwa sababu ya mguu, usimcheke. Spès naye alisema. Mwanzoni alisema kwa kunong'ona, huku akiangalia njia, kisha sauti ikamrudia.

Mwezi wa kwanza Mapendo hakusema kitu. Wa pili pia. Aliangalia midomo yao kama mtu anayeangalia mvua akiwa ndani. Mwezi wa tatu mvua yenyewe ilinyesha, miche ya mpunga ikahamishiwa shambani, na Spès akaanza kuhesabu misimu usiku na kukumbuka maneno ya Generose.

Mwezi wa tano, Kankindi alimpelekea kijiko cha maharage, na Mapendo akakisukuma akasema, "Oya." Hapana.

Kankindi aliweka kijiko chini. Hakupiga kelele. Alimsukumia tena kijiko, kwa hila. "Oya," Mapendo alisema, na safari hii kwa hasira. Waliendelea kumsukumia maharage yale ili aseme tena, mpaka alipolia, wakilia nao.

Maneno hayakumiminika. Yalikuja moja moja, mengine yamekatika mkia, na mpaka leo kuna asiyoyatamka sawasawa kama watoto wa umri wake. Lakini yalikuja. Na kadiri yalivyokuja, mikono yake ilinyamaza. Asubuhi moja Spès alijigonga kooni mara mbili kwa vidole viwili, kumuuliza kama ana kiu, na Mapendo alimtazama vidole, kisha usoni, akamuuliza kwa mdomo anafanya nini. Spès alisema si kitu. Alienda nyuma ya nyumba akakaa kidogo.

&nbsp;

Barabara ilikuwa imefungwa na vita, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Hakimu alifika Sange baada ya miezi minane, na gunia moja badala ya matatu. Kwenye simu Spès alikuwa amemwambia tu, "uje uone."

Mapendo alikuwa uani, akimgombeza kuku. Hakimu alisimama na gunia lake begani, akasikiliza. Hakuweza kufuata kila neno, maana Kirundi chake kilikuwa cha Bujumbura, cha sabuni na mafuta. Lakini alisikia sauti ya mtoto wake. Alikuwa hajui kwamba ingekuwa nzito hivyo, ya kukwaruza kidogo, kama ya Sumaya. Gunia lilimteleza.

Mtoto aligeuka. Alimwangalia viatu, suruali, kofia.

"Uri nde?" alimuuliza. Wewe ni nani?

Hilo Hakimu alilielewa. Ni swali wanalouliza watu wa mpakani.

"Minye ni baba," alisema.

Mapendo alicheka, akamgeukia bibi yake mlangoni, akamwambia kwamba yule mtu anasema vibaya.

Hakimu alikaa siku mbili. Mtoto alimzoea, akamfuata mpaka mfereji, akamwambia mambo mengi marefu, na yeye akaitikia "eego, eego", yaani ndiyo, neno alilolijua, mahali palipofaa na mahali pasipofaa. Siku ya kuondoka Spès alimsindikiza mpaka barabarani. Walisimama kando kando wakingoja gari.

"Ungemufundisha Kiswahili kidogo kidogo," Hakimu alisema. "Pole pole. Kiisha..."

"Kiisha turudi?"

Gari lilitokea mbali, na vumbi lake. Hakimu alilitazama likikua.

"Akifungua mudomo kule Kasenga," Spès alisema, "watu watajua mbele ya kumaliza kusema shikamoo."

"Ninajua."

"Basi usiniambie kiisha."

Hakimu alipanda gari. Kwenye bariere walishushwa wote, akasema jina lake na mahali anapotoka, akapita bila shida yoyote.

Sumaya alikuwa barazani na ndagala zake. Alimwangalia mwanawe akivua viatu, akamngoja anywe maji, akamngoja akae. Ng'ambo ya ukuta Sabine alikuwa akifagia, na ufagio ulipunguza mwendo.

"Amesema?" Sumaya aliuliza.

Hakimu alikunja soksi zake, akaziweka ndani ya viatu.

"Bado," alisema.

"Niliwaambia. Mungemukata."

"Bado, Mama," alirudia, kwa sauti kubwa kidogo, ili ivuke ukuta.